112 Yaenda Mtoni

Jumamosi, 7 Machi 1998

Leo nimeiona 112! Hapa Minnesota! Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, chumba cha kumi na nne, ndani ya kibati cha peremende cha Bwana Lindquist.

Nilikuwa namtafutia soksi. Mzee huyu huzificha mwenyewe, halafu anasema tumemwibia. Kibati kikaanguka, kikafunguka, nzi wakamwagika sakafuni — nzi wa kuvulia samaki, wale wa manyoya na uzi waliofungwa kwenye ndoano. Thelathini hivi. Nikapiga magoti kuwaokota, na hapo nikaiona. Mkia mwekundu, kiwiliwili cha kahawia, shingo ya manyoya ya jogoo, mizunguko sita ya uzi kichwani. Mia moja na kumi na mbili! Miaka tisa nimeifunga kule Kericho, benchi la tatu, mimi na Philister ubavu kwa ubavu, dazani baada ya dazani, zinapakiwa kwenye maboksi zinakwenda ng'ambo. Kama ina jina, sijui. Sisi tulipewa namba tu.

Nikakaa pale sakafuni nikalia kidogo. Halafu nikacheka. Bwana Lindquist akauliza kama ni soksi zake zinazoniliza.

Miaka tisa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona samaki akiila. Hakuna! Philister mwaka wa kwanza alidhani tunatengeneza hereni. Alivaa mbili kanisani, tena zilimpendeza. Baadaye tukaambiwa ni za kudanganyia samaki, na tangu siku hiyo tukawa tunabishana: samaki gani mjinga kiasi hicho? Siku naondoka aliniambia, Serah, unakwenda huko zinakokwenda. Tazama kama kweli wanaila, halafu uniandikie. Sasa ni miaka minne. Nimemwandikia habari za theluji, za masomo ya unesi, za bei ya sukuma wiki. Za 112, hata neno moja.

Jumanne, 10 Machi

Nimemwambia Bwana Lindquist kwamba zile nilizifunga mimi. Hakuamini. Nikachukua pini, uzi uliochomoka kwenye sweta lake na unyoya wa mto wa kulalia, nikamfungia nzi mbele ya macho yake. Dakika tatu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Huyu mzee alifanya kazi kwenye magati ya Duluth na amevua miaka arobaini. Kwa hiyo nikauliza swali lenyewe. 112, je, inakamata?

Akasema ameitupa majini miaka kumi na haijampa samaki hata mmoja. Hata mmoja! Eti ni nzuri kutazama.

Shifti nzima nimenuna. Macho yangu nimeyamaliza kwa kitu cha kutazama? Nimemletea supu sikumsemesha. Nimemfunga kamba za viatu sikumsemesha. Mwishowe yeye ndiye aliyesema, huku anatazama ukuta, kwamba labda hakuwa anaitupa sawasawa. Kwamba mwaka huu joto limewahi, barafu imeshaanza kukatika, na mapema Aprili samaki watatoka ziwani kupanda mitoni. Si samoni hasa — stilihedi, binamu yake, mrefu kama mkono wangu. Kwamba fimbo yake iko kabatini na yeye hana miguu tena ya kuisimamia.

Nitaenda. Nimeamua. Nitaenda!

Jumamosi, 14 Machi

Ratiba nimeigeuza juu chini. Siku niliyo huru kabisa, bila kazi wala darasa, ni moja tu: Jumamosi tarehe 11 Aprili, mkesha wa Pasaka. Basi ni hiyo. Saa tatu njiani kwenda, saa tatu kurudi.

Ada ya chuo siigusi. Kwa hiyo kila kitu ni cha kuokoteza, na kuokoteza nakuweza. Jiliwa la kubania ndoano sina. Nimechukua koleo la Jotham nikalifunga mpira kwenye mguu wa meza, linashika vizuri mno. Jotham ni binamu yangu, anafanya kazi ghalani Maple Grove, ana van na hana haraka ya kuuliza maswali. Uzi ni wa kushonea. Mkia mwekundu ni uzi wa sufu uliobaki nilipomsuka nywele Alice wa kanisani kwetu.

Manyoya ndiyo yaliyonipa raha. Jotham amenipeleka kwenye lile shamba tunakonunuliaga kuku walio hai, huko mbele ya Maple Grove. Mwenye shamba amezoea Wakenya: tunabonyeza kifua, tunabonyeza paja, tunalia bei. Leo ameona mmoja anafunua jogoo shingoni, anapuliza manyoya, anasema huyu hapana, huyu hapana. Nimekataa majogoo saba! Wa nane ana shingo ya dhahabu. Tumemla kwa ugali jioni na shingo yake iko gazetini, inakauka juu ya friji.

Jumatano, 18 Machi

Mafunzo yameanza. Korido ya magharibi, baada ya chakula cha mchana, wazee wakiwa wamelala. Bwana Lindquist kwenye kiti cha magurudumu, mimi na fimbo, kijiuzi chekundu mwishoni badala ya ndoano. Kurusha hii kamba si nguvu. Inarudi nyuma kwanza, unaingoja inyooke, ndipo unaipeleka mbele. Mimi kungoja ndiyo kazi. Kila mara ananiambia, subiri! Subiri! Na kijiuzi kinanipiga kisogoni.

Mara ya ishirini hivi ikanyooka. Ikatoka, ikaenda, ikatua mbele ya mlango wa jikoni taratibu kabisa — na mlango ukafunguka akatoka Margaret, msimamizi wetu. Kijiuzi kikanasa kwenye kofia yake ya nailoni.

Amesema kwa sauti ndogo, ambayo ndiyo mbaya zaidi, kwamba korido si ziwa. Bwana Lindquist amemjibu kuwa hayo ni mazoezi ya viungo vyake, yameandikwa na daktari. Mwongo mkubwa! Tumehamishiwa nje, karibu na mapipa, dakika kumi na tano kwa siku na mimi nikiwa kwenye mapumziko yangu.

Jioni nimerudia kwenye paking ya apatimenti. Watoto wa ghorofa ya pili wakaja kutazama. Nikawauliza, mmekula? Wakajibu: Auntie, are you fishing for cars? Eti navua magari!

Jumapili, 22 Machi

Nimefanya kosa. Kosa kubwa. Nimeomba maombi.

Wakati wa maombi kwenye ushirika, mwenyekiti Elkanah akauliza kama kuna mwenye haja. Nikasimama — nani alinituma? — nikasema naombeni mniombee, tarehe 11 nasafiri kaskazini kuvua samaki na Jotham, barabara ziwe salama. Nilitaka sentensi moja ya maombi. Moja tu!

Kabla ya amina kulikuwa na kamati. Kamati ya Samaki wa Pasaka! Elkanah mwenyekiti, maana Elkanah hawezi kuona jambo bila kulitafutia kamati. Wiki nzima anafanya uhasibu katika ofisi huko Eden Prairie na Jumapili anatufanyia sisi. Mkewe Alice, jikoni. Mafuta ya van yamechangwa papo hapo, kofia imezunguka. Sanduku la barafu limejitokeza, kubwa, mtu unaweza kumlaza mtoto ndani. Mama mmoja akasema vichwa msitupe. Mwingine akasema yeye mkia.

Nimesema, jamani, sijawahi kuvua. Wakacheka. Elkanah akasema, "Sister Serah, wewe ni humble sana. Miaka tisa kwenye industry ya samaki!"

Industry ya samaki. Nimefunga manyoya.

Lakini niseme ukweli wangu hapa. Walipoweka mikono kichwani pangu na kumwomba Mungu aifungue mito ya Minnesota, mwili ulinisisimka. Nilitaka kwenda saa ile ile.

Ijumaa, 27 Machi

Leseni ya kuvua ninayo! Karatasi yenye jina langu na stempu yake. Muuzaji ameniuliza urefu na rangi ya macho. Pamoja na leseni amenipa kijitabu cha sheria, na nimekisoma kwenye basi kama najiandaa na mtihani.

Kuna jambo. Stilihedi ni wa aina mbili. Wapo waliofugwa wakaachiwa. Hao walikatwa pezi moja dogo, lile la mgongoni karibu na mkia. Asiye na pezi hilo unaweza kwenda naye nyumbani. Aliye nalo ni wa mwitu, wamebaki wachache, huyo unamrudisha majini akiwa hai. Lazima.

Bwana Lindquist amesema ndivyo, na ni haki. Amesema zamani walibeba kwa magunia, yeye akiwemo, ndiyo maana mito ikakauka samaki. Halafu amenifundisha kumrudisha: kwa taulo lililokunjwa, kwenye beseni la kuogea. Mkono chini ya tumbo, kichwa kielekee maji yanakotoka, usimsukume, mngoje mpaka aondoke mwenyewe. Tena kungoja!

Amenichorea ramani nyuma ya menyu ya Jumanne na kuniapisha nisiutaje huo mto. Nimeapa, kwa hiyo hata hapa siutaji. Akaomba kitu kimoja. Samaki akiing'ata 112, nimletee nzi mwenyewe, ataamini akiona alama za meno. Nikamwambia utaiona, halafu itapanda ndege kwenda Kericho.

Jumapili, 5 Aprili

Nimesimama kwenye matangazo nikawaeleza ushirika wote habari za pezi. Nimeeleza mara mbili, na mkono wangu mgongoni kuonyesha lilipo. Wenye pezi wanarudi majini, wasio na pezi wanakuja kwetu Brooklyn Park. Wameitikia amina kama mahubiri.

Halafu Alice akatangaza kwamba kuku wa Pasaka wamefutwa. Oda imefutwa! Kwa nini kuku na samaki wanakuja? Watu thelathini na tano, na mchungaji mgeni. Nikamfuata jikoni nikamwambia Alice, dada, weka kuku hata watano. Akanishika bega. Akasema, "Usijali my dear, Elkanah amesema tuende na imani."

Elkanah naye anakuja mtoni. Kama mwangalizi wa kamati.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimefunga kumi na mbili! Miaka minne sijashika ndoano, na ya kwanza ilitoka kama ajali. Ya pili, vidole vikakumbuka. Ya tano nikawa naimba. Mizunguko sita kichwani, fundo, kata. Nilikuwa namsikia kabisa Philister upande wa kushoto akinung'unika juu ya supavaiza.

Nimefunga pia vimpira vya uzi wa rangi ya chungwa, kwa amri ya Bwana Lindquist. Eti vinafanana na mayai ya samaki, na ndivyo vinavyokamata. Kitu ambacho mtoto wa darasa la kwanza angefunga! Nimevifunga kwa ajili ya kamati. 112 ni kwa ajili yangu.

Suruali ya mpira, ile inayofika kifuani, nimeipata kwenye duka la mitumba. Ilikuwa ya jitu. Inavuja gotini, Jotham ameiziba kwa kiraka cha tairi la baiskeli. Nimeivaa sebuleni saa nzima bila sababu.

Ijumaa Kuu, 10 Aprili

Kila kitu kiko mlangoni. Tunaondoka saa kumi alfajiri. Silali mimi!

Jumamosi, 11 Aprili. Ndani ya van, kando ya mto. Saa nne asubuhi

Vidole havishiki kalamu vizuri. Nimeingia kupata joto kidogo.

Mto ni mdogo kuliko nilivyodhani, una kelele, maji ya kahawia kama chai isiyo na maziwa. Kiraka kimeshatoka. Jotham anatumia minyoo, hajapata kitu. Elkanah amekuja na viatu vya kanisani. Amekalia sanduku la barafu, anaimba mapambio na kutazama saa. Vimpira vya chungwa nimevitupa tangu saa moja na nusu. Mti umekula viwili, mawe matatu. Samaki, hakuna.

Lakini wapo! Nimemwona mmoja akivuka penye kina kifupi, mgongo nje. Nilipiga kelele kama nimeona ndugu.

Basi. Natoa 112.

Saa tisa alasiri. Paking ya supamaketi, Duluth

Wanaila! Wanaila, wanaila, wanaila!

Ilikuwa kama saa sita kasorobo. Niliirusha juu ya lile jiwe lililochorwa kwenye ramani, nyuma kwanza, nikangoja — nikangoja kweli! — ikatua, ikabebwa na maji. Kamba ikasimama. Nikasema, jiwe lingine. Jiwe likaondoka.

Jamani. Kuandika siwezi. Fimbo ilipinda mpaka nikamwogopea Bwana Lindquist. Samaki akaruka, mzima, nje ya maji, mweupe wa fedha na mstari wa waridi ubavuni. Jotham anapiga mayowe, Elkanah ameacha pambio katikati, mimi nashuka na mto, suruali imejaa maji, nalia na kucheka. Alipochoka nikamvuta penye kokoto nikapiga magoti. Na hapo, kwenye pembe ya mdomo, 112. Mkia mwekundu, mizunguko sita. Yangu. Amedanganyika kabisa!

Ndipo nikapitisha kidole mgongoni, kuelekea mkiani. Pezi lilikuwepo.

Nikapitisha tena. Lipo. Zima.

Elkanah alikuwa ameshafungua sanduku. Jotham akatazama pezi, akanitazama mimi, akatazama miti. Elkanah akasema pole pole kwamba hapa hakuna mtu. Nikasema nipo mimi. Akasema watu thelathini na tano, Sister. Nikasema najua. Nilijua, na iliniuma, maana nilimwona Alice na sufuria zake. Lakini nilichomoa ndoano, nikamshika majini kama nilivyomshika yule wa taulo, kichwa kielekee maji yanakotoka. Tumbo lake lilikuwa linapumua kiganjani. Nilingoja. Akaondoka mwenyewe.

Tumevua mpaka saa nane. Hakuna mwingine.

Tukaondoka kuelekea Duluth. Mimi niliomba msamaha kimoyomoyo na wakati huo huo nilikuwa nacheka usoni kama mwehu, siwezi kujizuia. Nimeiweka 112 kwenye kiganja na kuikagua njia yote. Manyoya yamechanika upande mmoja. Kwenye kiwiliwili kuna vishimo vinne, vidogo sana. Meno.

Kisha Elkanah akamwambia Jotham akunje hapa. Akaingia dukani na pesa za kamati zilizobaki, na nafikiri na zake pia. Akatoka na samoni watatu wazima, wana vichwa, barafu bado puani. Akawalaza kwenye sanduku. Nikasema vizuri, mwenyekiti, watu watakula, tutawaeleza yaliyotokea. Akasema, "Nani ata-believe kwamba tume-drive three hours, tukashika samaki, tukamrudisha?" Jotham akasema hata yeye aliyeona haamini sana.

Halafu Elkanah akainama, akawageuza wale samoni mmoja mmoja. Wote wana pezi. Mimi mwenyewe niliwafundisha watu kutazama pezi, mara mbili! Akaniomba mkasi wangu mdogo wa kukatia uzi. Ulikuwa kwenye dashibodi. Jotham akampa kabla sijafungua mdomo. Ameyakata yote matatu hapa hapa, nyuma ya van, na kutupa vipande chini ya toroli.

Sasa amekuja kwenye mlango wa van, upande wangu. Anataka 112. Anasema tuiweke mdomoni mwa yule mkubwa, Alice ataikuta wakati wa kuosha, na hakuna atakayeuliza swali. Hafoki. Ingekuwa afadhali afoke. Anasema, Sister, nisaidie, nimesimama mbele ya watu wote nikasema imani. Viatu vyake vya kanisani vimeharibika kabisa. Namhurumia, na hiyo ndiyo inayonikasirisha.

Nimemwambia angoje nimalize sentensi.

Ninazo nyingine kumi na moja kwenye kibati changu, mpya, safi, nzuri kutazama. Yeye anataka hii. Anasema hii ina alama za meno.

Amenyoosha mkono. Nimeifumbata, na ndoano inanichoma, lakini sifumbui mkono. Hii ni ya Philister.